Pumzi ya Injini Isizibwe: Kopo la Kunasa Oili kwenye Pikapu ya Tabo

Fundi anapolegeza klipu ya mpira wa intakula kwenye Toyota Hilux ya dizeli iliyokwisha kutembea kilomita laki moja na kitu, mara nyingi kidole chake hutoka kimeloa oili nyeusi. Akisonga mbele hadi kwenye manifodi ya kuingizia hewa, oili hiyo huwa imeshakuwa tope zito linalonata, limeganda ukutani na kupunguza upana wa njia. Mwenye gari akionyeshwa hali hiyo, wazo lake la kwanza ni kwamba tabo imekufa, na wapo waliouziwa tabo mpya kwa sababu hiyo tu. Lakini sehemu kubwa ya oili ile kwa kawaida haitoki kwenye tabo. Inatoka kwenye tumbo la injini, na inafika kwenye njia ya hewa kwa kupitia mpira uliowekwa kiwandani kwa makusudi. Mpira huo mafundi wanauita brida.

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba moja kwa moja. Kila mara mafuta yanapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka hadi kwenye kranki. Gesi hiyo ikikosa pa kutokea hujitafutia njia: husukuma oili sili za kranki, hunyanyua dipstiki kutoka mahali pake, huvujisha gasketi ya kava ya tapeti. Kwa hiyo injini lazima ipumue. Taabu ni kwamba pumzi yenyewe si kavu. Inabeba ukungu wa oili iliyorushwa na mzunguko wa kranki, masizi, chembe za dizeli ambayo haikuungua, na mvuke wa maji. Kila lita moja ya dizeli inayoungua huzaa takribani lita moja ya maji. Karibu yote hutoka na moshi wa eksozi, ila kiasi kidogo hupita kwenye ringi na kuchanganyika na oili.

Zamani jambo hili lilimalizwa kwa bomba lililoelekezwa chini, na uchafu wote ukadondokea barabarani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilionyesha udhaifu mmoja wa bomba hilo: gari la kijeshi likivuka mto, maji yalipata mlango wa kuingilia kwenye injini. Hapo ndipo mfumo wa kuifunga pumzi ya injini na kuirudisha kwenye njia ya hewa ulipopata kazi. Miaka michache baadaye hewa ya Los Angeles ilikuwa imechafuka kiasi cha kuumiza macho, na magari mapya yaliyouzwa California yakaanza kuja na mfumo huo kuanzia modeli za 1961. Tangu wakati huo karibu kila gari dogo duniani linavuta na kuunguza pumzi yake lenyewe. Ni uamuzi mzuri kwa wanaokaa kando ya barabara, na hakuna sababu ya kuurudisha nyuma kwa kuchomoa brida na kuiacha ikining'inia chini ya gari kama inavyofanyika katika gereji nyingi.

Kwenye injini ya tabo, brida humwaga mbele ya tabo, upande inapovutia hewa kutoka kwenye chujio. Kutoka hapo ukungu wa oili unapita kwenye feni inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, unaingia kwenye intakula, unapoa, unashikamana na kuwa matone. Oili inayotanda ndani ya intakula huizuia kupoza hewa sawasawa. Kisha inakutana na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye manifodi ili kupunguza gesi zenye sumu. Masizi makavu yakikutana na oili ndipo linapozaliwa lile tope. Na kwa kuwa dizeli hupulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, vali za kuingizia hewa hazipati mafuta ya kuzisafisha kamwe.

Kopo la kunasa oili hukatiza safari hiyo. Linafungwa katikati ya brida, kati ya kava ya tapeti na tabo, na ndani yake pumzi ya injini inalazimika kupita kwenye wavu au chujio. Matone yanagonga, yanaungana, yanadondoka chini. Gesi inaendelea na safari yake ikiwa na oili kidogo. Dukani liulizwe kwa jina la kachi keni.

Si kila gari linalihitaji. Land Cruiser za mkonga zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 hazina tabo wala intakula, na pesa ya kopo ni bora iende kwenye chujio la hewa. Malori makubwa ya Ulaya ya miaka ya karibuni mengi huja na kitenganishi cha oili cha kiwandani, na anayetaka kuongeza kopo juu yake anajiongezea kazi. Wanaofaidika hasa ni wenye pikapu za dizeli zenye tabo na EGR: Hilux za 1KD na 2KD, zile za 1GD na 2GD zilizoingia sokoni mwaka 2015, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200. Kwenye hizi kazi ni nyepesi kwa sababu kwa kawaida kuna mpira mmoja tu wa kukatiza. Injini za petroli zenye tabo, mfano Ford F-150 ya EcoBoost, zina njia mbili za kupumua: moja inafanya kazi gari likiwa limetulia na nyingine tabo ikiwa inasukuma. Kopo la dizeli halifai kuhamishiwa huko bila kuielewa mifumo yote miwili na vali zake za kuzuia upepo kurudi.

Kabla ya kununua chochote, injini ipimwe. Kopo halitibu ringi zilizokwisha. Injini iliyochoka ikifungwa kopo italijaza upesi, mwenye gari atalimwaga na kufurahi kwamba linafanya kazi, na huku ugonjwa unaendelea.

Mafundi wengi hupima kwa kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kukiweka juu chini kwenye tundu lake. Kikirushwa, wanasema injini imechoka. Kipimo hicho kinatoa fununu, hakitoi jibu. Kipo cha uhakika zaidi na cha bei ndogo: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita mbili hivi, uliokunjwa kwa umbo la U na kufungwa wima kwenye ubao, ukatiwa maji hadi nusu. Ncha moja inaunganishwa kwenye tundu la dipstiki na kuzibwa vizuri pembeni. Ncha ya pili inabaki wazi. Injini ikiwashwa, maji yatapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Tofauti ya sentimita moja kati ya pande mbili ni karibu sawa na milibari moja. Mikono ya U iwe mirefu, nusu mita au zaidi kila upande, ili maji yasije yakavutwa ndani ya injini. Vipimo vichukuliwe injini ikiwa imepata moto, kwanza sailensa, kisha kwenye mizunguko 2,500 hivi, na viandikwe. Kipimo hicho kitarudiwa baada ya kopo kufungwa. Kama maji yamepanda sentimita kadhaa kuliko awali, kopo au mipira yake inabana pumzi, na haifai kuondoka gereji hivyo.

Hili la kubana linaweza kuharibu injini kuliko oili yenyewe, na kwenye gari la tabo lina hatari ya ziada. Oili inayolainisha tabo haivutwi na pampu inaporudi. Inashuka kwa uzito wake kwenye bomba linaloingia tumboni mwa injini. Shinikizo likipanda humo, oili inashindwa kushuka, inajaa kwenye tabo, inavuja kupitia sili zake kuelekea kwenye hewa na kwenye eksozi. Gari linaanza kutoa moshi wa buluu. Fundi asiyejua anabadilisha tabo, na tabo mpya inavuja vilevile ndani ya wiki, kwa sababu kosa liko kwenye kopo lililoziba.

Kwa hiyo kipenyo cha mipira hakina mjadala. Brida ya kiwandani ipimwe kwa ndani, na hakuna kiungo chochote cha kopo kitakachokuwa chembamba kuliko hapo. Makopo mengi ya bei nafuu huja na viungo vyembamba vilivyokusudiwa magari madogo ya petroli. Anayechukua mpira wa milimita 19 akaubana hadi milimita 12 huenda akadhani amepunguza theluthi tu. Hesabu inasema vingine: eneo la kupitisha hewa limebaki asilimia 40.

Ubora wa kopo uko ndani yake. Kopo tupu, lenye tundu la kuingilia na la kutokea juu, ni pambo. Ukungu wa oili una chembe ndogo mno, na zisipolazimishwa kugonga kitu zinapita na hewa kana kwamba hakuna kilichotokea. Linalofaa lina ukuta wa kugawa chumba na wavu wa chuma kisichoshika kutu, au chujio maalumu la kubadilishwa kama lilivyo la ProVent 200 ya kampuni ya Ujerumani ya Mann+Hummel, ambalo linatumika sana kwenye pikapu za dizeli huko Australia. Sifa moja ya ProVent inafaa kutafutwa kwenye kopo lolote lenye chujio: vali ya usalama inayofunguka chujio likiziba, ili injini isikose pumzi. Kitu cha kukataa kabisa ni kopo lililojazwa sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Nyuzi zake hukatika, na kinachofuata baada ya kopo ni feni ya tabo.

Mipira yenyewe iwe ya kustahimili oili. Mpira wa maji ya rejeta unafanana na wa oili kwa macho, na duka la vipuri likiishiwa huu litatoa ule. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa aina ya raba inayovimba na kulainika ikikutana na oili. Baada ya miezi michache hujikunja kwa ndani na kuziba njia, huku nje ukionekana mzima. Mpira wa silikoni wa rangi za kuvutia nao hutoa jasho la oili usipokuwa na utando maalumu ndani. Maandishi ya ubavuni yasomwe kabla ya kulipa, na yanayotakiwa ni yanayotaja oili au mafuta.

Mahali pa kufunga panaamuliwa na joto, mtikisiko na mkono wa mtu. Joto kwanza: kopo na mipira yake vikae mbali na tabo na eksozi, kwa sababu oili ikidondokea chuma chenye moto wa namna ile inaweza kuwaka. Ubavuni mwa boneti, karibu na betri, ndipo pikapu nyingi zinapokuwa na nafasi. Mtikisiko: barabara ya changarawe hukata brakiti nyembamba, kwa hiyo bamba la chuma la milimita tatu lililokamatwa kwenye matundu ya bolti yaliyopo, pamoja na nati zisizolegea, ni bora kuliko kutoboa bodi. Kopo lisining'inizwe kwenye mabomba ya breki wala kwenye kizimba cha ABS. Na mkono: kama kulifikia kunahitaji kufungua betri, halitamwagwa kwa wakati. Hakuna anayetaka kukubali hilo siku ya kufunga, lakini ndivyo inavyokuwa.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa imepoa. Brida ya kiwandani itolewe nzima, isikatwe. Ikiwa ina waya wa umeme au sensa, kama ilivyo kwenye baadhi ya magari mapya, kazi isimame hapo hadi ipatikane seti iliyotengenezwa kwa gari hilo. Tundu la upande wa tabo lizibwe mara moja kwa kitambaa kisafi kikubwa, kinachoonekana, ambacho hakitasahaulika ndani. Mpira kutoka kava ya tapeti uende kwenye mlango wa kuingilia wa kopo, na wa kutokea uende kwa tabo. Mishale ya kopo ifuatwe, maana kuigeuza kunalifanya chujio lifanye kazi kinyume. Mipira isilegee ikatengeneza bonde, kwa kuwa maji yatatuama humo na kuziba njia polepole.

Upande wa kutoka kopo kwenda tabo unahitaji umakini wa pekee. Hapo tabo inavuta, na ni baada ya chujio la hewa. Klipu moja iliyolegea kwenye kipande hicho itavuta vumbi la barabara ya Dodoma au la Turkana likaingia moja kwa moja kwenye silinda bila kuchujwa. Vumbi hula ringi haraka sana, na mwenye gari aliyetaka kuiokoa injini atakuwa ameiua. Bomba la kumwagia chini ya kopo nalo liko kwenye hesabu hiyo. Liwe na koki inayofunga kabisa, na kizibo mwishoni.

Baada ya hapo injini iwashwe, kipimo cha maji kirudiwe, klipu zikazwe tena injini ikiwa na moto. Kopo likaguliwe baada ya kilomita 500, kisha baada ya 1,000, hadi mwenye gari aijue kasi yake ya kujaa. Gari linalopanda mlima wa Kitonga na tani moja nyuma halitajaza kopo kwa mwendo sawa na linalokwenda kazini Mikocheni kwa safari fupi na kurudi. La kwanza litakuwa na oili nyingi zaidi, kwa kuwa mzigo na msukumo wa tabo huongeza gesi inayopita kwenye ringi. La pili litakuwa na maji mengi, na kilichomo kitafanana na maziwa ya kahawia. Rangi hiyo inawatisha watu wakidhani gasketi ya silinda hedi imekufa. Kama maji ya rejeta hayapungui na oili kwenye dipstiki ni safi, huo ni mvuke wa safari fupi ambazo hazikuipasha oili moto wa kutosha. Kwa gari la huduma ya kila kilomita 5,000, kopo likifika nusu kabla ya huduma, ringi, tabo na brida vichunguzwe.

Kulisahau kopo kuna adhabu kubwa kuliko kutokuwa nalo. Likijaa, kona kali au mteremko unaweza kuimwaga oili yote kwa mkupuo kwenye mpira wa tabo. Injini ya dizeli haichagui: oili ikifika kwenye silinda inaungua kama dizeli, mizunguko inapanda yenyewe, na kuzima swichi hakusaidii kwa sababu injini haiunguzi tena mafuta ya tangi. Kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia kubwa, aachie klachi ili injini izimike. Mkono usipelekwe kamwe kwenye mdomo wa njia ya hewa kujaribu kuiziba.

Watengenezaji wenyewe wanaujua ulazima wa kuhudumia. Pikapu za Ram zenye Cummins ya lita 6.7 zina chujio la pumzi juu ya kava ya tapeti, na kitabu cha gari kimepanga libadilishwe kila maili 67,500, yaani karibu kilomita 108,600. Chujio la kopo lililonunuliwa dukani ni dogo kuliko hilo na litahitaji kubadilishwa mapema zaidi. Muda ulioandikwa na mtengenezaji wake ufuatwe, na upunguzwe kwa gari la vumbi na mzigo.

Kwa Waswahili wanaoendesha magari yao Minnesota, Alberta au Norway, kuna jambo ambalo jamaa zao wa pwani hawalijui. Maji yaliyomo kwenye kopo na mipira huganda wakati wa baridi kali, barafu ikaziba brida, na shinikizo likang'oa oili sili ya nyuma ya kranki, ambayo kuibadilisha kunahitaji kushusha gia boksi. Huko kopo limwagwe mara nyingi kuanzia vuli. Lifungwe karibu na injini kadiri joto linavyoruhusu na mipira ivishwe kizuia baridi, au liondolewe kabisa hadi baridi iishe. Sheria za Marekani pia haziruhusu kuiachia pumzi ya injini nje, kwa hiyo kopo lenye chujio dogo la hewa juu, lisilorudisha mpira kwenye tabo, halifai barabarani.

Kinachomwagwa kutoka kwenye kopo kisirudishwe kwenye injini. Kina maji, asidi na masizi. Kisimwagwe chini ya mwembe, na kisipakwe kwenye mbao kuzuia mchwa, desturi iliyoenea Afrika Mashariki, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazosababisha saratani na watoto hugusa mbao hizo. Kiwekwe kwenye dumu lenye kifuniko pamoja na oili ya huduma, kisha dumu lipelekwe kwa wakusanyaji wa oili chafu. Brida ya kiwandani iliyotolewa nzima ifungwe kwenye mfuko na ihifadhiwe nyuma ya kiti pamoja na klipu zake mbili: kopo likipasuka katikati ya pori, dakika kumi na bisibisi zinatosha kuirudisha mahali pake na safari kuendelea.